Dishi la Dwingeloo na watu waliokataa liuzwe kwa kilo

Nimepotea majuma kadhaa kwa sababu ya kazi ya watu (mteja akikuambia "ni kitu kidogo tu", kimbia). Leo naacha mambo ya hifadhidata niandike juu ya chuma. Chuma, kutu, rangi na grisi. Msishtuke, kompyuta zitaingia humu humu.

Nianze na mlingoti. Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, palikuwa na kilabu cha redio ya ridhaa. Kwa asiyejua, hawa ni watu wa kawaida wenye leseni ya kurusha mawimbi yao wenyewe. Hawafanyi biashara wala hawatangazi. Wanazungumza wao kwa wao, wanajaribu mitambo, wanajifunza. Kila kituo kina alama yake ya utambulisho, na nyingi za hapa Kenya huanza na 5Z4. Kilabu chetu nilikikuta kikiwa jina tu. Juu ya paa la jengo moja palisimama mlingoti wenye antena, kebo yake ikining'inia imepasuka kwa jua, na kwenye chumba kimoja cha chini kulikuwa na redio iliyofunikwa gunia. Mwaka wa tatu nikarudi kutoka likizo ya Desemba, nikatazama juu, hakuna kitu. Mlingoti ulikuwa umekatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Nilipouliza nikajibiwa kwamba haukuwa ukitumika, na kitu kisichotumika kikiwa juu ya paa ni hatari tu.

Sikuwa na la kusema. Ni kweli haukuwa ukitumika. Mimi mwenyewe niliupita miaka miwili mizima bila kupanda ngazi kuuangalia.

Jibu lile lilinikaa kichwani muda mrefu, na nadhani ndilo lililonifanya nikeshe siku nilipokutana na historia ya dishi la Dwingeloo. Maana dishi hilo nalo lilifikia mahali ambapo halikuwa likitumika.

Dwingeloo ni kijiji cha Uholanzi, mkoa wa Drenthe, upande wa kaskazini-mashariki. Pembeni mwa mbuga yake ya vichaka na nyasi limesimama dishi la mita 25 kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini habari yake haianzii hapo. Inaanza mwaka 1944, nchi ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, vyuo vimevurugika, na profesa mmoja wa nyota aitwaye Jan Oort akiwa na swali moja. Oort alikuwa amesoma kuhusu Mmarekani aliyenasa mawimbi ya redio kutoka angani, akamwuliza mwanafunzi Hendrik van de Hulst: je, kuna kitu chochote huko juu kinachotoa wimbi la redio la urefu mmoja maalumu, ambalo tunaweza kulitambua kama alama? Van de Hulst akapiga hesabu na kujibu kwamba haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote, inapaswa kutoa wimbi la sentimita 21, yaani megahezi 1420 hivi.

Nikueleze kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa. Ukitazama anga kwa macho au kwa darubini ya kioo, vumbi lililotanda katikati ya nyota linakuziba. Ni kama kutazama Nairobi kutoka Ngong siku ya ukungu. Mawimbi ya redio hupita vumbi hilo bila wasiwasi. Kwa hiyo mwenye kusikia sentimita 21 angeweza kuchora galaksi yetu yote, hata upande ambao hakuna jicho lililowahi kuuona.

Vita vikaisha, na sasa fundi anaingia. Wajerumani walipoondoka waliacha rada zao kwenye pwani ya Uholanzi, madishi ya mita 7.5 yaliyokuwa yakiwinda ndege za Waingereza. Waholanzi wakachukua moja, wakaliweka Kootwijk na kuligeuza darubini ya redio. Yaani radioastronomia ya nchi ile ilianza kwa kukarabati mtambo uliotupwa na adui. Halikuwa na mota ya kulifuatisha nyota, kwa hiyo wasaidizi walilizungusha kwa mkono kila baada ya dakika chache, karatasi ya namba mkononi. Mwaka 1950 risiva yao ikashika moto. Ndipo akaajiriwa mhandisi kijana, Lex Muller, aijenge upya. Shikilia jina hilo, litarudi.

Moto ule uliwagharimu. Mnamo Machi 1951 Wamarekani wawili wa Harvard, Ewen na Purcell, walikuwa wa kwanza kulinasa wimbi la sentimita 21, kwa antena ya mbao yenye umbo la faneli iliyochomozwa dirishani. Muller na Oort walilipata Mei mwaka huo huo. Kwa uungwana wa watu wa sayansi wa wakati ule (mimi bado nashangaa), Wamarekani walikubali kungoja, na ripoti zote mbili zikatoka pamoja katika toleo moja la jarida la Nature.

Baada ya hapo hapakuwa na ubishi kwamba dishi kubwa linahitajika. Dwingeloo likafunguliwa rasmi na Malkia Juliana tarehe 17 Aprili 1956. Kwa muda mfupi lilikuwa darubini ya redio kubwa kuliko zote duniani, mpaka Waingereza walipomaliza lao la mita 76 pale Jodrell Bank mwaka 1957.

Sasa tulitazame lilivyo, maana hapa ndipo utaelewa ukarabati wake. Kwanza, uso wa dishi si bati zima. Ni wavu wa chuma. Watu wengi huuliza, mawimbi hayatapita kwenye matundu? Nenda jikoni ukatazame mlango wa maikrowevu. Ule wavu wenye vitundu unakuruhusu kuona chakula kikizunguka, lakini mawimbi ya sentimita 12 yaliyomo ndani hayatoki. Tundu likiwa dogo sana kuliko wimbi, wimbi huliona kama ukuta. Wavu ni mwepesi, na upepo unapita ndani yake badala ya kulisukuma dishi kama tanga la jahazi. Kumbuka wavu huu, nao utarudi.

Pili, umbo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kasoro za uso zisizidi takriban sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi (wengine wakali zaidi husema ya kumi na sita). Kwa sentimita 21, hiyo ni sentimita moja na kitu hadi mbili, kwenye kitu kipana kuliko nyumba ya ghorofa. Fremu ikiliwa na kutu na kubonyea kidogo, mawimbi hayakusanyiki tena mahali pamoja. Kwa hiyo kutu kwenye dishi si suala la sura mbaya tu. Linakufanya kiziwi.

Tatu, mwendo. Mtambo wote umekaa juu ya magurudumu yanayotembea kwenye reli ya duara, na kibanda cha kufanyia kazi kilichoko chini huzunguka pamoja na dishi. Mtu anaketi na kahawa yake huku nyumba inageuka. Dishi linazunguka kushoto na kulia, na linainuka juu na chini. Nyota hazisafiri hivyo. Zinakwenda kwa upinde kwa sababu dunia inazunguka, nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo muda wote inabidi mtu au mashine abadilishe hesabu ya anga kuwa hesabu ya mota. Nimeiandika hesabu hiyo kwa Python, mistari isiyofika arobaini, sini na kosini tupu. Ukiikosea ishara ya kujumlisha na kutoa kama nilivyoikosea mimi, dishi linatazama ardhini kwa ujasiri mkubwa.

Miaka mingi Dwingeloo lilifanya kazi yake ya haidrojeni. Hata uzeeni halikukaa bure. Mnamo 1994, katika utafutaji wa galaksi zilizofichwa nyuma ya vumbi la galaksi yetu, lilipata galaksi kubwa iliyo jirani kiasi, umbali wa miaka-nuru milioni 10 hivi, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Wakaipa jina la kijiji, Dwingeloo 1.

Lakini Westerbork, madishi 14 ya mita 25 yanayofanya kazi pamoja, yalikuwa yameanza tangu 1970 umbali si mrefu kutoka hapo, na Wajerumani walikuwa na Effelsberg la mita 100. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliliacha dishi lao la zamani. Si kwa ubaya. Pesa za utafiti hufuata swali jipya, na dishi moja la mwaka 1956 halikuwa na swali jipya la kuuliza.

Likabaki limesimama kwenye mvua ya Uholanzi. Mnaojua mvua ya Limuru mwezi wa Julai, zidisheni. Kutu ikaanza kazi.

Hapa ndipo wanaingia watu wa ridhaa. Mwaka 2007 wapenzi wa redio na wapenzi wa nyota waliunda taasisi ya hiari ya kulichukua dishi, kulitengeneza na kulitumia. Wakaiita CAMRAS, kifupi cha maneno yanayomaanisha kituo cha radioastronomia cha C. A. Muller. Ndiyo, Lex Muller yule yule aliyeijenga upya risiva iliyoungua. Kituo chao hewani kina alama PI9CAM.

Nataka mtazame mpangilio wa mambo, kwa sababu kwangu ndiyo habari yenyewe. Mnara huo uliwekwa kwenye orodha ya majengo ya urithi wa taifa mnamo Agosti 2009. Ukarabati mkubwa ulifanyika 2012. Lakini watu walikuwa wamekwisha jipanga kulitumia tangu 2007. Hawakungoja lirekebishwe ndipo walitafutie kazi. Walilipa kazi kwanza, na kazi yenyewe ikawa sababu ya kuombea pesa za chuma. Sisi chuoni tungefanya kinyume, na naamini tungeandika barua tatu za kuomba rangi kabla hata ya kuwasha redio.

Na kazi waliyolipa ni ipi? Kuongea kupitia mwezini.

Si utani. Unarusha wimbi kuelekea mwezi, linagonga, linarudi, na mtu wa bara lingine anayeuona mwezi huo huo analipokea. Jeshi la Marekani lilisikia mwangwi wa mwezi kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1946. Watu wa ridhaa walifanya mazungumzo yao ya kwanza kwa njia hiyo Julai 1960, kati ya vilabu viwili vya redio vya Marekani, kimoja upande wa mashariki na kimoja California. Mwezi uko karibu kilomita 384,400. Neno lako linachukua sekunde mbili na nusu hivi kwenda na kurudi, kwa hiyo unaweza kusema "haloo", ukanyamaza, kisha ukajisikia mwenyewe ukisema "haloo".

Tatizo ni nguvu. Mwezi si kioo, unarudisha kama asilimia 7 tu ya kinachoufikia, na hicho kidogo kinatawanyika pande zote. Kwenye megahezi 1296 kinachorudi kimepungua desibeli 270 hivi. Kwa lugha ya nyumbani, ulichotuma kimegawanywa kwa 1 yenye sifuri 27 nyuma yake. Mwenye antena ya kawaida nyuma ya nyumba anajitesa. Sasa mweke mtu wa mita 25 upande wa pili. Kwa hesabu yangu dishi hilo huzidisha ishara kama mara 50,000 kwenye masafa hayo, na mwale wake una upana wa nusu nyuzi na kidogo, karibu sawa na upana wa mwezi wenyewe angani. Ghafla mtu wa vifaa vidogo anasikika kutoka mwezini. Dishi kuukuu ambalo halikuwa na kazi likawa mwenzi anayetafutwa na vituo vidogo vya nchi nyingi.

Kisha kuna jambo linalotugusa sisi wa programu moja kwa moja. Mwaka 2007 Pieter-Tjerk de Boer wa Chuo Kikuu cha Twente alifikiria: dishi ni moja na watu wanaotaka kusikiliza ni wengi, mbona wasisikilize wote kupitia intaneti, kila mmoja akichagua masafa yake? Risiva ya zamani inasikiliza mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lakini ukiyageuza mawimbi yote kuwa namba, kompyuta inaweza kumkatia kila msikilizaji kipande chake. Hicho ndicho kisa cha kuzaliwa kwa WebSDR. Leo kuna vituo vya namna hiyo katika nchi nyingi, na wengi wanaovitumia hawajui kwamba wazo lilizaliwa kwa ajili ya darubini moja iliyoachwa kichakani.

Mimi ni mmoja wa waliokuwa hawajui. Nilianza kusikiliza kwenye WebSDR ya Twente, mawimbi mafupi, mabaharia na watangazaji wa mbali, nikiwa kitandani Nairobi na spika za masikioni. Kutoka hapo nikafuata kiungo mpaka Dwingeloo. Usiku mmoja walikuwa wakifanya kazi ya mwezi, na nikasikia toni nyembamba, kama mtu anapuliza chupa kwenye chumba cha tatu, ikipanda na kushuka kidogo. Niliandika ujumbe kwa rafiki yangu saa nane ya usiku kwamba nimesikia mwezi. Hakujibu mpaka asubuhi, na jibu lake halifai kuandikwa hapa.

Turudi kwenye chuma. Juni 2012 kreni ililiinua dishi zima kutoka kwenye kiti chake, likalazwa chini pembeni. Nimetazama picha zile mara nyingi. Linapokuwa juu unaliona ni jepesi kama kikapu. Chini, watu wakiwa kando yake, ndipo unaona ukubwa. Fremu iliyoliwa na kutu ikashughulikiwa, rangi ikapigwa upya, na mnamo Novemba mwaka huo dishi likarudishwa juu. Kazi nzito ya kreni na chuma ilihitaji makampuni na fedha za urithi wa taifa. Lakini mtambo wa redio si chuma tu. Kuna risiva, kebo, vifaa vya kupimia saa kwa usahihi, na programu ya kuliongoza, na huko ndiko wanahiari waliko siku zote. Kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe. Kebo inaingia maji, unakata, unafunga upya. Programu inakataa mfumo mpya wa uendeshaji, unaandika upya. Ninyi mnaotunza mifumo ya watu mnanielewa.

Aprili 2014 likafunguliwa tena rasmi, na aliyelifungua alikuwa Joseph Taylor. Huyu ana sura mbili. Kwa wanasayansi ni mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1993, pamoja na Russell Hulse, kwa kugundua mwaka 1974 jozi ya nyota nzito zinazozungukana, ambayo ilionyesha kwamba Einstein alikuwa sahihi kuhusu mawimbi ya mvutano. Kwa watu wa redio ya ridhaa yeye ni K1JT, mtu aliyeandika programu ya WSJT mwaka 2001. Programu ile inachukua ujumbe mfupi, inauongezea namba za kujirekebisha, na kuurusha kwa toni polepole karibu dakika nzima, ili kompyuta ya upande wa pili iuchimbue hata kama sikio halisikii ila mngurumo. Mwaka 2005 akaufungua msimbo wake kwa umma. Mazungumzo ya mwezini ambayo zamani yalitaka dishi na mtaalamu wa Mosi yakawezekana kwa antena za kawaida na kompyuta. Nadhani hawakuweza kumpata mtu anayefaa zaidi: alijifunza redio utotoni kama mchezo, ikampeleka Nobel, halafu akarudi kwenye mchezo.

Sasa niwape kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mei 2018 China ilirusha setilaiti mbili ndogo kuelekea mwezini pamoja na setilaiti kubwa ya mawasiliano. Moja ilishindwa. Nyingine, Longjiang-2, ikaingia kwenye mzunguko wa mwezi. Ndani yake wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Harbin waliweka kamera ndogo na redio ya masafa ya ridhaa. Amri za kupiga picha zilirushwa na mpenzi mmoja wa redio aliyeko Ujerumani, kwa maelekezo kutoka Harbin. Na picha zikapokewa Dwingeloo.

Tarehe 3 Februari 2019 kamera ile ilipiga picha, na siku iliyofuata dishi la 1956 likaishusha. Mwezi umejaa mbele, lakini si uso tunaoujua. Ni ule upande wa nyuma ambao hakuna binadamu anayeuona akiwa duniani. Nyuma yake, pembeni, kijiduara cha buluu na nyeupe. Sisi sote, pamoja na foleni ya Mombasa Road. Faili lilikuwa kama kilobaiti 16, na lilichukua karibu dakika 20 kushuka. Hesabu mwenyewe: ni biti mia moja na kitu kwa sekunde. Modemu yetu ya kwanza ya nyumbani, tuliyoitukana sana, ilikuwa mamia ya mara kasi kuliko hapo.

CAMRAS waliweka rekodi za mawimbi yale wazi kwa umma, na msimbo wa kuyafasiri ulikuwa wazi pia, umejengwa juu ya GNU Radio. Basi nikasema nitaishusha picha mwenyewe. Rekodi za namna hiyo ni nzito. Nilianza kupakua nyumbani, bando likaisha. Nikaenda ofisini Jumamosi, nikapata faili, nikarudi, nikakesha nikipambana na matoleo ya maktaba yasiyoelewana (saa nne nzima, na kosa lilikuwa toleo moja tu la Python). Karibu saa tisa usiku programu ikaanza kutema vifurushi. Picha hizi hazitokei zote kwa pamoja. Zinajijenga kwa vipande, mstari juu ya mstari, na kifurushi kikipotea linabaki pengo. Ukingo wa mwezi ukatokea. Kisha stima ikapotea.

Betri ya kipakatalishi changu ina miaka sita. Ilinipa dakika kumi na moja. Zilitosha.

Nilikaa gizani nikitazama kioo. Nataka kusema ukweli, nilichokifikiria si mwezi, ni mlingoti wetu wa chuoni. Mwaka uliokatwa, mimi nilikuwa nimeshajua kuandika programu. Vifaa vidogo vya bei nafuu vya kuingiza redio kwenye kompyuta vilikuwa vimeshafika Luthuli Avenue, vya kutazamia televisheni. Tungeweza kuunganisha kimoja kwenye ile antena mbovu, tukaweka risiva yetu mtandaoni, na siku mtu wa kukata chuma angekuja angeambiwa ngoja, kuna watu wanasikiliza. Hatukuhitaji rangi. Tulihitaji msikilizaji mmoja.

Longjiang-2 iliangushwa mwezini tarehe 31 Julai 2019, kama ilivyopangwa, ili isiache takataka angani. Dishi likaendelea.

Na Desemba 2024 wakajaribu kitu ambacho, kwa karatasi, dishi lile halikujengwa kukifanya. Walilielekeza Voyager 1, chombo kilichorushwa 1977, ambacho wakati huo kilikuwa karibu kilomita bilioni 25 kutoka hapa. Mawimbi yake huchukua saa 23 kufika. Sasa wavu niliowaambia mkumbuke unarudi. Wavu ule uliwekwa kwa ajili ya sentimita 21. Voyager anazungumza kwenye gigahezi 8.4, wimbi la sentimita 3.6 tu, na kwa wimbi fupi namna hiyo matundu si ukuta kamili tena. Sehemu ya ishara inapita na kupotea. Wakafunga antena mpya pale mawimbi yanapokusanyika, wakapiga hesabu ya mwendo wa chombo na mwendo wa dunia ili kujua masafa yatakuwa yamesogea kiasi gani, wakasubiri. Mstari mwembamba ukajitokeza kwenye kioo mahali hesabu iliposema utakuwa. Ni madishi machache sana duniani yanayoweza kusema yamemsikia Voyager, na karibu yote yana mishahara nyuma yake.

Ile redio iliyokuwa chini ya gunia? Ninayo. Siku walipokuwa wakisafisha chumba waliniambia nichukue kabla haijafuata mlingoti. Imekaa chini ya kitanda changu tangu hapo, nikihama nayo nyumba hadi nyumba. Mwezi uliopita niliifungua. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba, nimezibadilisha. Swichi ya sauti ilikuwa ikikwaruza, nimeisafisha kwa spiriti. Nimechukua fomu za leseni. Kwa sasa nasikiliza tu, kwa waya wa mita kumi niliokata katikati kwa ajili ya masafa ya megahezi 14, upande huu umefungwa kwenye bomba la tangi la maji, upande ule kwenye ukuta wa ngazi.

Uko juu ya paa tangu Jumapili. Mwenye nyumba ameuliza kama ni wa kuanikia nguo.